Nafuu ya dizeli ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wenzetu wa Tanga wanaoacha IST, Vitz na Carina na kuhamia Prado, Hilux, X-Trail na CX-5 za dizeli. Wamekuwa wengi, na ukiwauliza sababu, karibu wote watakujibu kwamba dizeli inakula kidogo. Ni kweli. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15 hivi, na injini yake inaitumia vizuri zaidi. Magari mawili yenye uzito mmoja yakitoka Kange kwenda Segera na kurudi, la dizeli ndilo litakalobakiza zaidi kwenye tenki. Lakini nafuu hiyo ina wenyewe. Sehemu yake ni ya filta, sehemu ya oili, sehemu ya mkanda wa taimingi, na asiyeitenga kidogokidogo atakuja kuilipa kwa mkupuo siku ya kuharibika nozeli (kinachopuliza mafuta ndani ya injini) au silinda hedi (kichwa cha injini). Bei nayo haikuahidi kitu. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Tanga tuna bei zetu kwa sababu ya mafuta yanayoshushwa katika bandari yetu, na ipo miezi dizeli inaipita petroli. Anayenunua dizeli kwa kuangalia bei ya sheli peke yake amepiga nusu ya hesabu.

Kwanza jua gari lako ni dizeli ya zama gani. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, pamoja na Hiace na Hilux za injini za 3L na 5L, zina pampu ya nozeli inayofanya kazi bila kompyuta. Zinavumilia, na fundi mzoefu yeyote anazimudu. Prado ya 1KZ-TE iko katikati, pampu yake ni ya kizamani lakini inaongozwa na kompyuta, na ina tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini). Injini za 1KD na 2KD ni komon reli: pampu moja inajaza bomba la pamoja kwa presha inayozidi bar 1,000, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Halafu kuna zile za Japani za miaka ya karibuni zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, maarufu kama DPF: X-Trail 20GT, CX-5 tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 2012, na Prado ya injini ya 1GD kuanzia 2015. Prado hiyo ya soko la Japani ina na tenki la pili la AdBlue, ambayo ni urea asilimia 32.5 iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini. Ikiisha, gari linaonya mapema, na ukipuuza hadi mwisho, ukilizima haliwaki tena. Wapo wanaofikiria kukoroga mbolea ya urea ya shambani. Mbolea hiyo ina uchafu unaoziba pampu na nozeli ya mfumo huo, na ukiimimina kwa makosa kwenye tenki la dizeli hesabu ni kushusha mfumo mzima wa mafuta.

Aliyezoea petroli aelewe jambo moja la msingi. Huku hakuna plagi za kurusha cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Injini ya petroli ya kawaida hubana hewa mara 10 hivi. 1KZ-TE inabana mara 21.2. CX-5 imeshushwa hadi mara 14, lakini nozeli zake hupokea mafuta kwa presha ya hadi bar 2,000. Kwa hiyo uhai wa dizeli uko kwenye usafi wa mafuta, ubora wa oili na ubaridi wa injini. Hayo mengine ni madogo.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo ugonjwa wa pwani. Tanga hewa ina unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo usiseme. Tenki likilazwa robo, nafasi tupu imejaa hewa yenye mvuke. Usiku bati la tenki linapoa, mvuke unageuka matone, matone yanashuka chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, na mdomo wa kunyonyea mafuta uko hukohuko chini. Ongeza maji yanayotoka kwenye tenki la sheli lenyewe, na dizeli ya madumu inayouzwa vijijini njia ya Pangani. Sehemu zinazosuguana ndani ya pampu na nozeli zina uwazi wa maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu ni maikroni 70 hivi. Dizeli ndiyo mafuta ya kulainisha sehemu hizo. Maji hayalainishi, yanaleta kutu, na yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto yanageuka mvuke ghafla na kuimega. Kuna na vijidudu vinavyoishi pale dizeli inapokutana na maji. Joto letu vinalipenda. Ukifungua filta ukakuta utelezi mweusi wenye harufu mbaya, basi tenki linahitaji kushushwa na kuoshwa, maana kubadilisha filta peke yake kutakurudisha gereji baada ya muda mfupi.

Dawa ni kazi ya dakika 5, na karibu hakuna mwenye gari mpya anayeifanya. Kwenye Toyota nyingi za dizeli filta iko chini ya boneti, imesimama wima, juu yake pana pampu ya mkono na chini yake koki ya plastiki. Zima injini. Kinga chupa ya plastiki nyeupe iliyokatwa, ili uone kinachotoka. Legeza koki zamu mbili hivi, usiitoe yote. Bonyeza pampu ya juu taratibu. Kama maji yapo yatatangulia, nayo utayajua, kwani yanakaa chini ya chupa yakiwa yamejitenga na dizeli kwa mstari ulio wazi, mara nyingi yana vumbi la kutu. Endelea kubonyeza mpaka itoke dizeli tupu. Kaza koki kwa vidole tu, kwani ukiitia koleo itapasuka na kuanza kuvuta hewa. Bonyeza tena pampu mpaka iwe ngumu, washa gari, kagua kama pana jasho la mafuta. Fanya hivyo kila mwezi, na masika kila baada ya wiki mbili. Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka usisubiri kufika nyumbani.

Filta yenyewe, vitabu vingi vya Toyota vinaruhusu kilomita 20,000. Kwa mafuta ya huku sisi tunasema 10,000. Ukinunua, pima uzito wake mkononi na utazame karatasi ya ndani. Filta bandia huwa na mikunjo michache na gundi iliyomwagika hovyo. Sensa ya maji iliyo chini ya filta ya zamani inahamishiwa kwenye mpya ikiwa na oringi mpya, na waya wake urudishwe; tunakuta magari mengi waya unaning'inia, mwenyewe anajisifu kwamba taa yake haijawahi kuwaka. Jambo jingine ambalo hata mafundi wenzetu wanakosea: kwenye komon reli usijaze filta mpya kwa kumimina dizeli ya kikombe. Yale mafuta hayajachujwa, na ukiyatia kwenye tundu la katikati umeyaweka upande unaokwenda moja kwa moja kwenye pampu. Funga filta tupu, jaza kwa pampu ya mkono.

Dizeli ikiisha njiani, gari la petroli utalitia mafuta na kuondoka. La dizeli limeshavuta hewa. Tia angalau lita 10, bonyeza pampu ya mkono mpaka ikatae kushuka, ndipo upige stata, kila mara sekunde 10 hadi 15 na kupumzisha, usije ukachoma stata. Injini za kizamani zikigoma, fundi hulegeza nati za paipu kwenye nozeli wakati mwingine anapiga stata, mafuta yakianza kutoka bila mapovu anakaza moja baada ya nyingine. Kwenye komon reli hilo ni marufuku kabisa. Mafuta yanayotoka kwa presha ile yanapenya ngozi na kuingia mwilini bila hata kuacha kidonda cha kutisha, na mkono unaweza kukatwa. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumwi, na amwambie daktari ni dizeli ya presha.

Unaponunua mafuta, sheli yenye magari mengi ni bora kuliko iliyolala, kwa sababu mafuta yake hayakai. Ukikuta tanka linashusha, pita, urudi baadaye. Machicha ya chini ya tenki yanakuwa yametibuliwa. Ukiwa na shaka, kinga kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie nusu saa. Maji na taka vitaonekana chini. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani kwa njia hiyo, na ndiyo maana mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake iikaribie ya dizeli na biashara ya kuchanganya ikose faida.

Oili sasa. Wengi wanashtuka wakichomoa kijiti siku ya pili baada ya kumwaga oili na kukuta imeshakuwa nyeusi. Dizeli ndivyo ilivyo, masizi yanaingia kwenye oili, na oili nzuri ni ile inayoyabeba yasigande. Weusi usikutishe. Cha kutisha ni rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia, au kijiti kunuka dizeli. Ukitoka kwenye gari dogo linalotumia oili isiyofika lita 4, jiandae: 1KZ na 1KD kwenye Prado zinachukua lita 7 hivi pamoja na filta, CX-5 lita 5 na kidogo. Kwa injini za zamani na zile zisizo na DPF tumia oili ya dizeli iliyoandikwa CI-4, 15W-40 inatosha kwa joto la Tanga, na umwage kila kilomita 5,000. Oili ya petroli ya SN iliyobaki nyumbani usiitie.

Penye DPF mambo yanabadilika. Oili lazima iwe ya majivu machache: DL-1 kwa magari ya Kijapani, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.6, au C2 au C3 pale kitabu kinaporuhusu. CI-4 tuliyoisifia juu ni sumu huku. Masizi kwenye DPF yanaungua, majivu hayaungui. Yanajaza vitundu moja kwa moja mpaka chujio lifunguliwe na kuoshwa kwa mashine, au litupwe.

Hapa tuongee taratibu, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. DPF inajisafisha kwa kuchoma masizi, na inahitaji joto la nyuzi 600 hivi ndani ya ekzosi. Ili kulipata, kompyuta inapuliza mafuta ya ziada baada ya mlipuko. Kwa mtu anayekwenda Muheza, Korogwe au Dar es Salaam mara kwa mara, kazi hiyo inafanyika bila yeye kujua. Kwa mtu anayetoka Raskazone kwenda sokoni Ngamiani, akazima, akapita Chumbageni kuchukua watoto, akazima, injini haijapata moto inazimwa. Kila gari linapoanza kujisafisha linakatishwa. Sehemu ya yale mafuta ya ziada haiungui, inashuka kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Aliyezoea petroli anaogopa oili kupungua. Kwenye CX-5 ogopa oili inayopanda. Kijiti chake kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo imwagwe, hata kama ulimwaga mwezi uliopita, kwa kuwa imechanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi, na beringi za krenki na za tabo zinasagika. Isitoshe, ikizidi sana injini inaweza kuivuta kupitia mpira wa kupumulia na kuichoma kama mafuta.

Utajua gari linajisafisha pale sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapokuwa juu kidogo ya kawaida, injini inapoacha kujizima yenyewe kwenye foleni, feni inapozunguka bila sababu, na unapotoka unasikia harufu ya moto nyuma. Ukiona hivyo usizime. Endelea dakika 15 hadi 20, shika njia ya Pongwe. Taa ya DPF ikiwaka bila kumeta, fanya hivyohivyo siku hiyo: kilomita 60 hadi 80 kwa saa, gia moja chini ya uliyozoea ili injini izunguke, mpaka taa izime. Ikianza kumeta, gereji yenye mashine ya kupimia. Kama safari zako zote ni za ndani ya mji, kila wiki nenda Muheza na urudi, au tuseme wazi zaidi: usinunue dizeli yenye DPF, nunua petroli. Mafuta yetu nayo hayaisaidii. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu salfa hadi 50 kwa milioni, wakati Japani magari haya yalitengenezewa dizeli ya 10.

Wapo wanaotoboa DPF na kuacha ganda tupu. Kompyuta inasoma presha kabla na baada ya chujio, ikiona hakuna tofauti inawasha taa na kupunguza nguvu, na inaendelea kupuliza mafuta ya kuchoma masizi yasiyokuwepo, oili ikazidi kupanda. Mteja amelipa ili aharibiwe. Njia ya hewa ya injini hizi pia inaziba kwa masizi yanayorudishwa na vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) yakichanganyika na mvuke wa oili. Gari likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, fungua njia ya hewa uisafishe kabla ya kulaumu nozeli.

Kuhusu nozeli zenyewe, asikwambie mtu "badilisha zote 4" kabla ya kupima. Kipimo cha awali hakihitaji mashine ghali: kila nozeli inafungwa mpira wake wa marejesho kwenye chupa yake, injini inaachwa sailensa dakika chache, kisha chupa zinalinganishwa. Inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake ndiyo iliyochoka. Nozeli za 1KD zina msimbo juu yake, na mpya ikifungwa msimbo wake unaingizwa kwenye kompyuta. Bila hivyo gari litagonga, na fundi atasema spea ni feki.

1KD ina lake jingine ambalo mnunuzi wa Prado au Hilux anatakiwa kulijua kabla ya kulipa. Washa za shaba chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mlipuko unavuja na kuingia kwenye oili. Unatengeneza kaboni ngumu, vipande vinashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Dalili ni mlio wa "chf, chf" unaofuata mzunguko wa injini, na lami nyeusi kuzunguka nozeli. Taa ya oili ikimeta hata mara moja kwenye gari hili usiende hata mita 100. Kabla hujaanza kulitumia, lipa fundi ashushe sampu aangalie chujio hilo, na washa zibadilishwe.

Mkanda wa taimingi hauna mjadala. 1KZ, 1KD, 2L, 3L, 5L na 1HZ zote zina mkanda, na kwa magari ya Japani taa ya T-BELT huwaka kilomita 100,000. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na kilomita za dashi zinaweza kurudishwa. Kama muuzaji hana ushahidi, badilisha, pamoja na beringi ya kukazia. Ukikatika vali zinakutana na pistoni. CX-5 na 1GD zina cheni.

Kwenye kupoza, 1KZ-TE inajulikana kote kwa silinda hedi kupasuka ikichemsha hata mara moja. Mshale wa joto haukusaidii sana, kwani ukishaanza kupanda umechelewa. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, yanakula rejeta na pampu ya maji kutoka ndani. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake, yale ya betri. Usichanganye rangi. Na jamani, themostati irudishwe. Mtindo wa kuitoa "ili gari lipoe" unaiacha dizeli ikifanya kazi ikiwa baridi, mafuta hayaungui vizuri, na DPF haipati joto. Pana kipimo rahisi cha gasketi: asubuhi injini ikiwa baridi, washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, presha ya silinda inaingia kwenye maji. Kupanda Mombo hadi Soni na Lushoto, au Muheza kwenda Amani, zima AC na ushuke gia mapema. Ukifika juu usizime papo hapo. Tabo iachie dakika moja au mbili injini ikiwa sailensa, la sivyo oili iliyosimama ndani yake inaungua.

Madogo tuyapite. Betri ya IST haiwezi kuzungusha dizeli ya lita 3. Tafuta ya Ah 70 kwenda juu. Taa yenye alama ya waya uliojikunja kama springi kwenye dashibodi isubiri izime kabla ya kupiga stata, hata na joto la Tanga. Ea klina ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa wanaopita Pongwe kwenye vumbi la saruji na mashamba ya katani kila baada ya wiki mbili. Ukitoka ufukweni osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi, paipu za dizeli zinaliwa na chumvi na kuanza kuvuta hewa.

Moshi usomeke hivi: mweusi ni mafuta mengi au hewa haba, angalia ea klina na mpira wa intakula (kipoza hewa ya tabo) uliopasuka; mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua; mweupe wenye harufu ya utamu ni kulanti; wa bluu ni oili, anza na tabo. Siku ya kununua, fika gari halijawashwa. Gusa injini. Ikiwa na joto, muuzaji ameitayarisha, rudi kesho. Baada ya kuwaka, fungua kifuniko cha oili. Mvuke mdogo ni kawaida, lakini injini inayopumua kwa nguvu na kurusha oili ringi zimekwisha. Yenye DPF ipimwe kwa mashine, uone kiasi cha masizi na umbali tangu ijisafishe mara ya mwisho.

Moja la hatari. Tabo ikifa, injini inaweza kuanza kujinywesha oili yake yenyewe, inapanda mizunguko kwa ukelele na moshi wa bluu, na ukizima funguo haizimi. Gari la manyuo: kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili izimike. Otomatiki: kama mdomo wa hewa unafikika, uzibe kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa kiganja, kama haufikiki, toka na watu wako wasimame mbali.

Tunamalizia na ombi kwa wenye sheli. Mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba, unaingia bila shida kwenye tundu la dizeli, wakati ule wa dizeli kwa kawaida ni mnene na hauingii kwenye magari mengi ya petroli. Kwa hiyo kosa hili humwangukia mwenye dizeli. Petroli inaosha ulainishaji wa pampu ya presha, pampu inasagika, na vumbi lake la chuma linasambaa hadi kwenye nozeli zote. Tunaomba wahudumu watamke "dizeli?" na wajibiwe kabla ya kuinua pampu, na kifuniko cha kila gari la dizeli kibandikwe maandishi makubwa. Ikitokea imeshaingia, hata lita 2, funguo isiguswe kabisa, kwani kwenye magari mengi kuiwasha tu kunaamsha pampu ya tenki. Gari lisukumwe pembeni, tenki likaushwe hapohapo, filta ibadilishwe, ndipo liwashwe. Gharama hiyo wagawane mhudumu na mwenye sheli, lakini iwe ya tenki na filta tu.

Mafundi wa dizeli,
Ngamiani, Tanga